Chai Iliyoletwa kwa Ahmada Usi

Kiponda,
Mji Mkongwe,
Unguja.
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Hamid,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Marahaba. Nimeshaipokea shikamoo yako hata kama hukuileta. Hujambo wewe? Faiza hajambo? Watoto wazima? Nasikia Shamsi keshakupita kwa urefu, nami nikasema huyo kawafuata wajomba zake, maana upande wetu hakuna mrefu. Na baridi ya huko Northampton inasemaje? Mwaka jana ulinilalamikia vidole vya miguu. Natumai umenunua soksi za maana.

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mola. Magoti yangu ni yale yale, ngazi za nyumba hii nazo ni zile zile, kwa hivyo kila siku tunagombana. Joto limezidi, umeme unakwenda na kurudi kwa raha zake. Shaaban imeingia na Ramadhani iko mlangoni. Nadra, binti wa Kaka Ahmada, ameanza kufua mapazia.

Najua unajiuliza kwa nini barua, wakati simu zimejaa tele. Simu nimekupigia wiki tatu hupokei. Azim, mtoto wa Mzee Bahadurali wa hapa mtaani, anarudi Leicester keshokutwa, na nimemwapisha akutie bahasha hii mkononi. Usimkimbie, yeye hana kosa. Isome mpaka mwisho hata pale utakaponikasirikia, kwa sababu inamhusu kaka yako Ahmada na wewe, na miaka saba hii ambayo hamsemezani.

Nianze na siku yenyewe. Alhamisi ya tarehe 16 Januari, asubuhi, kaka alianguka dukani kwake Darajani, katikati ya magunia yake ya majani ya chai. Alikuwa anampimia mteja robo kilo ya majani ya Mufindi, huku akimsomesha kwa nini asichanganye na ya Lushoto, mara akanyamaza na kwenda chini. Mteja alidhani kainama kuokota kitu. Nikaitwa, tukamkimbiza hospitali, mimi na vijana wawili wa duka la jirani, na simu yangu ikazima njiani. Sukari ilikuwa imeshuka, na moyo pia haukuwa sawa. Walimtundikia dripu mbili, na ilipofika baada ya adhuhuri wakatupa ruhusa, kwa sharti la kupumzika.

Sasa sikiliza ajabu ya Mungu. Hapo hapo hospitali, asubuhi ile ile, alifariki mtu wa Chukwani aliyeitwa Ahmada Usi. Wewe unajua majina yetu; kila babu amezaliwa upya mara sita. Muhiddin jirani yetu, yule ambaye habari haijapoa kabla hajaifikisha, alikuwa amekwenda kumtazama kaka. Mlangoni akawakuta watu wanalia, wanamtaja Ahmada Usi. Hakuuliza la pili. Akageuza pikapu yake mpaka msikitini, na kabla ya sala kipaza sauti kikamtangaza kaka yako: Ahmada Usi wa Kiponda, mwenye duka la majani ya chai.

Nadra alikuwa peke yake nyumbani na Shangazi Mwanapili, ambaye tangu mwaka jana tumemtoa Makunduchi tunakaa naye. Alipiga simu yangu, imezima. Ndipo alipoandika kwenye lile kundi la ukoo, nawe huko ukasoma. Usimlaumu mtoto. Kama ni baba yako ungengoja nini?

Tuliporudi, gari lilitushusha barabarani kama kawaida, tukaingia uchochoroni kwa miguu, kaka kaniegemea. Tulipokata kona tukaona jamvi limetandikwa mlangoni, wanaume wamekaa, mmoja anasoma Yasin. Kaka akatoa salamu. Hakuna aliyeitikia. Akauliza, “Nani kafa?” Wakatazamana. Mwisho mzee mmoja, ambaye macho yake hayaoni mbali, akamjibu kwa upole, “Ahmada Usi, mwanangu. Mungu amrehemu.” Kaka akafikiri kidogo, kisha akauliza, “Saa ngapi?”

Hamid, nilicheka. Nakiri mbele ya Mungu nilicheka mpaka nikashika ukuta, na nilikuwa nalia pia. Ndani huko kilio kiligeuka, maana Nadra alisikia sauti ya baba yake, akatoka bila ya viatu akamkumbatia miguu. Muhiddin alisimama na msahafu mkononi, hajui aendelee kusoma au afunge.

Unajua desturi. Nyumba ya msiba haiwashwi jiko, na majirani ndio wanaopika. Basi ilipokuwa haijafika hata saa nane, chai ilikuwa imeshajaa nyumba nzima, na chai yetu ujue si maji matupu. Kulikuwa na mikate ya kumimina, mandazi, vitumbua, sambusa. Chupa za chai nilizihesabu kumi na moja, mbali na mabirika. Muuza kahawa naye alikuja na dele lake, ingawa kaka amemtukania kahawa yake miaka ishirini.

Kaka akakaa kwenye kiti cha baba, akasema kwa kuwa chai imeshaletwa, basi na yeye aonje. Wewe unamjua kwenye chai. Mtu aliyetoka kutundikiwa dripu akaomba vikombe vipangwe mbele yake, akavuta moja moja kwa mlio ule unaomuudhi Nadra, na kila kikombe akakitolea hukumu.

Cha kwanza kilikuwa cha Bi Savita wa nyumba ya pili. Maskini, alikuwa amekaa kwenye ngazi, kavaa sari nyeupe, macho mekundu. Chai yake ni ile ya maziwa, imechemshwa na majani humo humo, na tangawizi, iliki na pilipili manga. Kaka akamwambia Wahindi wenyewe hawakuwa wakinywa hivi zamani. Mwingereza alilima chai Assam apeleke kwao, na baadaye sana ndipo makampuni yalipozunguka kuwafundisha wenyeji wanunue na wao, nao wakaizamisha ndani ya maziwa na viungo mpaka Mwingereza akaikataa. Bi Savita akamjibu, “Ahmada, mie nimekulilia saa nzima. Kunywa.” Akanywa.

Ikaja chai ya rangi ya nyumbani kwa imamu, ina karafuu na ndimu. Ikaja karaki, chai ya maziwa ya huko Ghuba, ya binti mmoja aliyerudi Maskati, nzito, ina zaafarani. Kaka akasema hii ni ile ile ya Bi Savita, ila imepanda meli na vibarua kwenda Ghuba, ikatajirika huko, sasa inarudi kwetu na kujifanya Mwarabu. Watu wakacheka, na mimi nikaona rangi inarudi usoni mwa kaka. Alisema Wachina ndio wenye asili, na wana hadithi yao kwamba mfalme wao wa kale alikuwa akichemsha maji, jani likapeperuka likaingia chunguni. Kwa mamia ya miaka dunia nzima ikanunua kwao, na wao hawakutoa mche, mpaka Waingereza walipoutorosha kwa siri kwenda India. Wajerumani wakaja kuupanda Amani, kule Usambara, halafu Waingereza wakaupeleka mpaka Mufindi. Unguja hatujaulima kamwe. Sisi kazi yetu ni kuutilia viungo.

Akataja na chai nyingine ambazo hajapata kuziona ila kwa kusikia: ya Kashmir ya rangi ya waridi, inayotiwa chumvi, ya Tibet yenye siagi, ya Maghribi yenye nanaa na sukari ya kukutoa meno. Na akasema zote hizo, nyeusi, kijani na nyeupe, ni mti mmoja. Ukiliwahi jani kwa moto likakauka, linabaki kijani. Ukilikunja ukaliacha lipigwe na hewa, linakuwa jeusi. Alikutaja hata wewe, bila ya kukutaja. Alisema wako watu wake walio Ulaya wanaokunywa chai ya kijifuko chenye uzi, wanaichovya kama anayevua samaki. Mimi nilisikia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba.

Shangazi Mwanapili yeye alileta birika la mchaichai. Kaka akamwambia, kwa heshima zote, kwamba mchaichai si chai, ni majani ya kuchemsha. Shangazi akamwambia kwamba yeye ameyanywa miaka themanini na hajatangazwa msikitini hata siku moja. Kaka akanyoosha kikombe amiminiwe.

Ndipo alipomgeukia Muhiddin na kumtaka aeleze ilikuwaje. Muhiddin akaeleza huku akitazama vidole vyake. Alipomaliza, kaka alimtazama, kikombe mkononi. Kisha akauliza, “Kwa hivyo yuko Ahmada Usi kafa kweli?” Muhiddin akasema yuko, wa Chukwani, anazikwa alasiri. Kaka akaweka kikombe. “Na chai yake mmeniletea mie,” akasema.

Nilijua kinachokuja. Nikamwambia kaka, daktari kasema upumzike. Akasema atapumzika, kwani si watu wote wanaona keshapumzika? Akawaambia waliopika kwamba chai hii imetiwa nia ya msiba, na msiba una mwenyewe, kwa hivyo ifungwe ipelekwe. Bi Savita ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudisha kifuniko cha chupa yake. Tukapakia pikapu ya Muhiddin, chupa zote kumi na moja, mabirika, masinia yamefunikwa kanga, na kaka kakaa mbele kashikilia birika la Shangazi mapajani.

Nyumba tuliikuta ndani kabisa, mbele ya zile nyumba mpya za Chukwani, matofali hayajapigwa plasta. Marehemu alikuwa fundi mwashi kutoka Pemba, wamehamia mwaka jana tu, na majirani walikuwa hawajawajua. Wanaume waliokuja kuzika hawakufika ishirini. Ndani nilimkuta mjane na wanawake wanne, na watoto watatu ambao tangu asubuhi hawajatia kitu mdomoni, kwa sababu jiko halijawashwa na hapakuwa na wa kuwawashia lingine. Mdogo wao alikula vitumbua sita. Mimi nilimimina chai, ya maziwa kwa watoto, ya rangi kwa wakubwa, na mchaichai tukampa bibi mmoja mwenye tumbo la gesi.

Mjane akaniuliza nani kaileta. Nikasema Ahmada Usi. Akanitazama, Hamid, sitausahau uso ule. Nikamshika mkono nikamweleza yote, msikiti, jamvi, Yasin, na kaka kuuliza saa ngapi. Alicheka. Alicheka kidogo sana, kisha akaniangukia begani akalia mpaka kanga yangu ikarowa, na wale wanawake wakasema tangu asubuhi alikuwa hajatoa hata chozi.

Nje, wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, na kaka anawamiminia chai mwenyewe. Nilikuwa karibu na dirisha, kwa hivyo hili nimeliona kwa macho yangu. Akafika mtu na mkoba, anahema, katokea bandarini. Alikuwa ndugu wa marehemu, kapanda boti ya mchana kutoka Pemba, na kamkuta mwenzake keshafukiwa. Hakulia. Alikaa kaegemea ukuta, kaka akampa kikombe, akakishika tu. Akawa anamuuliza kila mmoja aliyekuwepo hospitali, “Alinitaja?” Akamuuliza huyu, akamuuliza yule. “Alinitaja mie?” Hakuna aliyejua. Kaka alikaa chini karibu yake, akabaki naye mpaka chai ya yule mtu ikapoa mkononi.

Tukarudi kabla ya magharibi. Tulipokaribia mjini kaka akaniuliza, “Hamid kaambiwa nimekufa?” Nikasema kaambiwa. “Kasemaje?”

Hapa ndipo nilipokukosea, mdogo wangu, na ndiyo sababu ya barua hii. Simu yangu nilikuwa nimeichomeka garini mwa Muhiddin, imewaka. Ile sauti uliyonitumia mimi peke yangu, ya dakika nne, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuingia. Nilikuwa nimeshaisikiliza kule Chukwani, nimejificha uani. Ulipoifuta siku ya pili ulidhani umewahi. Hukuwahi. Nilimpa kaka simu, akaisikiliza yote.

Kasikia unavyolia. Kasikia kwamba alipokufa mama hukuja kwa sababu makaratasi yako ya kuishi huko yalikuwa hayajatoka, na kwamba ungetoka Uingereza usingerudi tena kwa watoto. Kasikia kwamba ile habari ya kazi nyingi, uliyomwambia siku ile, ilikuwa uongo wa aibu, kwa sababu hukutaka ijulikane nyumbani kwamba unaishi kwa kujificha. Na kasikia pale uliposema, “Kaka, uliniambia ukifa nisije. Mie n'nakuja. Utanigombeza huko huko.” Akanitaka niirudie. Nikairudia mara tatu. Muhiddin aliyekuwa anaendesha ikabidi asimamishe gari, maana naye machozi yalimzuia njia.

Kaka alisema maneno machache tu. “Makaratasi,” alisema. “Miaka saba nimemnunia mtu kwa makaratasi.” Kisha akaniuliza kwa nini hukumwambia. Nikamjibu kwa ukali, nakuambia kweli, kwa sababu na mimi nina langu moyoni. Nikamwambia, nani angekuambia wewe kitu? Unasema neno la kukata mtu, halafu unakata simu.

Wewe nawe usijione huna lako. Ungeniambia mimi tu, dada yako, ningelibeba. Mama pia angekuelewa. Siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama umepata koti zuri, hakuuliza kitu kingine juu yako. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe umeficha mpaka ukaumbuliwa na kipaza sauti cha msikiti.

Lakini sikukuandikia kukusuta. Nimekuandikia kwa sababu najua unajificha. Unaona aibu kwamba umemlilia mtu aliye hai, na umesema yaliyokuwa yasemwe kaburini. Zile simu nne za Ijumaa kutoka namba yangu, ambazo hukupokea, hazikuwa zangu. Ni yeye alikuwa anapiga. Alikaa barazani, kavaa miwani, anabonyeza kwa kidole kimoja. Ya nne ilipokatika akanirudishia simu, akaingia ndani.

Daktari tumemrudia mara mbili. Anasema moyo wa kaka umechoka, na dawa zitausaidia, ila hautakuwa mpya. Hakutaja siku wala miezi, na sisi hatukumuuliza. Kaka anakwenda dukani siku mbili kwa wiki, Nadra anapima, yeye anakaa na kusimulia wateja habari za Wachina. Kule Chukwani kila Ijumaa anapeleka majani na sukari. Wale watoto wanamwita Baba Ahmada.

Leo asubuhi nilipotoa karatasi akauliza namwandikia nani. Nikasema wewe. Akasimama dirishani muda mrefu, kanipa mgongo, nikadhani ameshaondoka kwenye mazungumzo. Kumbe alikuwa anapanga la kusema, na alilosema nakuandikia kama lilivyotoka, bila ya kuongeza wala kupunguza:

“Mwambie nilisema nikifa asije, na mie nikisema nimesema. Basi aje kabla.”

Wasalimie sana Faiza na watoto, umbusu Shamsi hata kama atakataa. Nadra anakusalimu na anaomba radhi kwa alichoandika kwenye kundi. Shangazi Mwanapili anakuombea dua kila baada ya sala, Bi Savita anakusalimu, na Muhiddin pia, ila yeye anaona haya. Mungu akulinde, akufungulie njia, na atukutanishe sote tukiwa tunapumua.

Ni mimi dada yako akupendaye, na anayekungoja,

Salhiya